Komwe Ndani ya Debe

Asubuhi ya kura Abbasi alikaa kizingitini na kofia mkononi, haivai wala haiweki chini. Ilikuwa imetoka kwenye faruma, kile kigogo cha kukaushia kofia, usiku uliopita, imekauka, wanga umeishika vizuri, ungedhani mpya. Ila kule kisogoni mstari mmoja wa viua, vile vitundu vya nakshi, ulikatikia njiani. Siwema, mkewe, alikuwa amefika hapo kwa sindano yake ndipo homa ilipomlaza, na hakuinuka tena. Mtaa wote wa Narung'ombe uliijua kofia ile kwa pengo lake.

"Nipe niumalizie huo mstari," alisema shemeji yake Mwanamkuu, akimwekea sahani ya vitumbua. "Leo watu wote wamejikwatua, na wewe umevaa kofia ina mapengo kama kinywa cha bibi yangu."

"Iache."

"Dada mwenyewe angekucheka."

"Angenicheka. Iache vivyo hivyo."

Mwanamkuu akakaa kwenye kinu kilicholazwa, akamtazama. "Haya. Na komwe yako ya kura utaitia wapi?"

Abbasi alichukua kitumbua, akakirudisha.

"Usinifiche, shemeji. Sisi wanawake ndio tunaoosha maiti wa chama hiki, maji mpaka viwiko vinachubuka, na komwe hatupewi. Nyie mnapewa, halafu mnakaa mnatetemeka kama mnaenda kutahiriwa."

Angemjibu, lakini hodi ikapigwa. Alikuwa Mbaruku, kijana wa mkono wa Hamud, raisi wa chama, mtu wa kutumwa huku na huku tangu awe na akili. Akavua makubazi kwa adabu kubwa, akaingia.

"Shikamoo, mzee Abbasi."

"Marahaba."

"Raisi anakusalimu sana."

"Zimefika."

"Anasema isiwe mnakutana huko barazani kabla hamjajuliana hali."

"Mimi mzima. Yeye najua mzima, jana nimemwona anakula halua."

Mbaruku akacheka, akaokota kitumbua bila kukaribishwa. Akatafuna taratibu, macho yake juu ya paa, kama aliyekuja kukagua makuti.

"Lipo jambo dogo," akasema. "Pale makaburini, ubavuni kwa marehemu Bi Siwema. Yuko mtu wa Gerezani anapaulizia. Mtu mzito, ana jamaa zake. Raisi amemwambia, subiri, pale ni pa mzee Abbasi, nilimpa kwa kinywa changu. Labda mzee mwenyewe aonyeshe kwamba hapataki."

"Nionyeshe vipi?"

Mbaruku akajifuta mafuta kwenye kanzu. "Mzee wangu, wewe mtu mzima. Debe lina mlio."

Akavaa makubazi yake, akaenda zake.

Chama chenyewe kilikuwa cha kuzikana. Wachukuzi wa bandarini, wauza samaki, mafundi wa Gerezani, watu wa Ilala na Kariakoo, wote walitoa kidogo kidogo ili siku ya siku mtu asizikwe kama paka. Kilikuwa na jeneza lake la mninga, shuka ya kijani ya kulifunika, na kipande cha ardhi makaburini, nje ya Ilala. Na kilikuwa na raisi wake, Hamud, mwenye duka la nguo za bafta karibu na soko. Hamud alikuwa raisi tangu chama kianze, na ufunguo wa chumba cha jeneza ulikuwa shingoni mwake, ndani ya kanzu, pamoja na hirizi.

Mwaka ule bei ya mkonge ilianguka, meli zikapungua, na wachukuzi wakashinda wamekaa chini ya kuta za maghala wakitazama bahari. Watu wenye njaa huanza kuuliza maswali. Maneno yakafika boma, na Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, akaamuru kwamba kila chama chenye kukusanya vitu vya watu kichague wakubwa wake, na kichague kwa siri. Halafu akapanda motakaa yake akaenda kucheza gofu, maana kwake mambo yalikuwa yamekwisha.

Hamud hakubisha. Hakuwahi kubisha amri ya boma maishani mwake. Aliitii mpaka ikageuka ikawa yake. Wanachama wengi hawajui kusoma, akasema, basi tutumie komwe za bao. Kila mtu apewe komwe moja, aingie peke yake chumba cha jeneza, pazia lishuke. Anayenitaka mimi atie mtungini. Anayemtaka Azzan seremala atie debeni. Siri kabisa.

Mtungi ulijazwa mchanga nusu, eti usipasuke. Komwe ikianguka humo, hata mwenye kuitupa haisikii. Debe lilikuwa debe tupu la mafuta ya taa, limezibwa juu, likatobolewa tundu la kupita vidole viwili, na mkono hauingii. Komwe ikidondoka humo hulia kang! mpaka barabarani. Na ukuta wa chumba kile ulikuwa wa fito na udongo, wenye nyufa za kupitisha panya. Huko nje wanachama wote wangekaa wakingoja zamu zao, pamoja na raisi, na masikio yao.

Siri gani hiyo yenye mlio? Lakini tarishi wa boma aliletwa akaonyeshwa pazia, akapewa kahawa, akasema vizuri sana.

Abbasi alikuwa na deni na jeneza lile, na si deni la kulipwa. Masika ya mwaka jana, Siwema alipokata roho, alikimbia nyumbani kwa Hamud. Akaambiwa raisi yuko harusini, kavuka ng'ambo ya Kigamboni, na ufunguo anao. Vunjeni kufuli, Abbasi akasema. Wakamwambia, bila ruhusa ya raisi? Wakangoja. Maiti hangojeki na mvua ile. Mwisho walimbeba Siwema kwa kitanda cha kamba, kitanda alichokitanda Abbasi mwenyewe, maana hiyo ndiyo kazi yake, kusokota kamba za kumbi na kutanda vitanda vya watu pale pembeni mwa soko. Kwenye tope la Ilala mtu mmoja akateleza, tendegu likavunjika, kitanda kikalala upande. Shuka ikafunuka. Mguu wa Siwema ukaonekana mpaka juu ya goti, mbele ya wauza ndizi na kila apitaye.

Hamud alirudi na pilau ya harusi kwenye sinia, imefunikwa kawa. Akatoa pole. Akasema ni kudra. Kisha, kwa kuwa alimwona Abbasi anavyomtazama, akaenda naye makaburini na kumwonyesha ubavuni mwa kaburi bichi: pale ni pako, mzee wangu, hapana atakayelala hapo ila wewe. Abbasi akachomeka kigingi, akafunga kamba kutoka kigingi mpaka kwenye mti wa kichwani kwa Siwema. Watoto hakuwa nao. Kilichokuwa chake duniani ni kamba ile, urefu wa mtu aliyelala.

Sasa walikuwa wanaishika hiyo hiyo.

Alivaa kofia, akatoka. Mwanamkuu akamwita nyuma, "Shemeji! Hujala!" Hakugeuka.

Ua wa nyumba ya chama ulikuwa umejaa. Watu walikaa kwenye mikeka na magogo, kanzu zimepigwa pasi, na muuza kahawa alikuwa akigonganisha vikombe vyake. Hamud alikaa kwenye kiti kando ya ukuta wa chumba, mkongojo katikati ya magoti, anamsalimu kila mtu kwa jina la baba yake. Azzan seremala alikuwa kakaa upande wa pili, mtu mwembamba, ndevu zimemtangulia, mikono haijui pa kukaa. Ndiye aliyeahidi kwamba akishinda ufunguo hautakaa shingoni mwa mtu. Kwa wiki nzima watu walikuwa wakimwendea gizani kumwambia, Azzan, tuko nawe. Mchana ulipoingia, wengi hawakuwa na hakika kama walimwambia.

Mbaruku alikaa chini kabisa, mgongo kwenye ukuta ule wenye nyufa, na ubao wa bao mbele yake. Kila mpiga kura alikuja kuchukua komwe kwenye ubao, mkononi mwa Mbaruku mwenyewe.

Wa kwanza akaingia. Kimya. Akatoka. Wa pili akaingia. Kimya. Hamud akatikisa kichwa polepole kama anayesikia kasida. Wa tatu, wa nne, wauza samaki wale waliokuwa wakiapa, kimya, kimya. Azzan alitazama vidole vya miguu yake.

Akaingia Kibwana, mchukuzi wa bandari, mtu wa miraba minne, ambaye mama yake alizikwa kwa sanda fupi.

Kang!

Muuza kahawa akaacha vikombe. Mbaruku akainua kichwa, akasema kwa sauti ya furaha, "Alaa! Kumbe Bwana Kibwana ana lake moyoni!"

Kibwana alitoka jasho linamtiririka mpaka kwenye kidevu. Akatazama huku na huku, akakutana na macho ya Hamud.

"Imeniteleza," akasema.

"Imeteleza?" Mbaruku akauliza.

"Wallahi imeteleza. Nilikuwa naipeleka mtungini, mkono una jasho, ikaniponyoka ikajiendea yenyewe."

"Komwe ya chama, ikajua njia!" mtu mmoja akapayuka, na watu wakacheka. Kilikuwa kicheko cha kuogopa, kilichokatika mara moja.

"Si neno, Kibwana," Hamud akasema kwa upole. "Si neno, mwanangu. Nimesikia."

Hilo nimesikia ndilo lililomaliza watu. Waliofuata wote waliingia na kutoka kama watu wanaopita mbele ya mbwa aliyelala. Kimya tu. Abbasi alihesabu watu mbele yake wakipungua, na kila aliyetoka alikwepa kumtazama Azzan. Abbasi akasema moyoni, Hamud huyu atatawala mpaka atuzike wote, na mwenyewe atabebwa kwa mninga. Mara akaiona ile kamba. Akaona mtu wa Gerezani kalala hapo, mtu mzito, mgeni, ubavuni mwa mkewe mpaka kiama.

"Mzee Abbasi," Mbaruku akaita. Akamwekea komwe kiganjani, akaufumba mkono wa mzee kwa mikono yake miwili. "Polepole, mzee wangu. Isikuteleze."

Pazia likashuka nyuma yake.

Chumba kilikuwa na giza na harufu ya udi wa zamani. Mtungi kulia, debe kushoto, juu ya kigoda. Na ukutani, juu ya vigingi viwili, lilikuwa jeneza, limefunikwa shuka ya kijani. Hajawahi kulikaribia namna hii. Aligusa mguu wa jeneza kwa kidole. Mninga mtupu, laini kama shavu. Hatua chache tu kutoka barazani, na kufuli la shaba la mtu aliyekwenda kula pilau.

Akasimama baina ya mtungi na debe. Nje hakuna aliyekohoa. Alisikia pumzi ya Mbaruku upande wa pili wa ufa, karibu kama wamelala kitanda kimoja. Mkono wake wenyewe ukaenda mtungini. Ukafika ukingoni. Akaona mguu wa Siwema juu ya tope, na muuza ndizi aliyegeuza uso kwa haya, yeye asiyekuwa hata mwanachama.

Mkono ukarudi.

Akatia komwe mdomoni, apate mikono yote miwili. Akavua kofia.

Aliikunja mara mbili, na wanga ukakatika kwa sauti ndogo, ssss, kama jani kavu. Akaipeleka kwenye tundu la debe. Haikupita. Akaisokota kama anavyosokota kamba, kwa ncha za vidole, akaisukuma, ikaingia nusu, ikakwama kwenye lile pengo la viua, akaisukuma tena. Ikaanguka ndani bila neno. Lakini ilianguka upande mmoja, bonge, na bati lote lililobaki likawa wazi. Akachomoa chelewa kwenye ufagio uliosimama pembeni, akaipitisha tunduni, akaanza kuitandaza kofia. Alikuwa ametanda vitanda vya nusu ya mji ule, akaona debe halimshindi. Chelewa ikagusa komwe ya Kibwana iliyokuwa peke yake chini, ikabiringika.

Kwararara.

"Mzee?" sauti ya Mbaruku ikaja kupitia ufa. "Mzee, unafanya nini humo?"

Akatoa komwe mdomoni. "Nimekwaa kigoda. Macho haya si ya juzi."

"Nije nikushike mkono?"

"Ukija siri ya serikali imevunjika. Muulize tarishi."

Kule nje tarishi wa boma, aliyekuwa akisinzia kando ya mkeka, akasema kwa uzito, "Asiingie mtu." Aliamka kwa kutajwa.

Abbasi akaivuta kofia mara ya mwisho mpaka weupe ukaenea sakafu yote ya debe. Akaishika komwe juu ya tundu. Kama bado kipo kipande cha bati kilicho wazi, basi amekwisha. Akaiachia.

Haikusema kitu.

Alipolisogeza pazia, jua lilimpiga utosini, na utosi wake ulikuwa mtupu, kipara kina mvi pembeni. Watu wote walikiona. Mzee wa makamo yake, kichwa wazi mbele ya wazee wenzake, ni kama aliyetoka bila shuka. Hamud akakaza macho. Mbaruku akainuka nusu.

"Mzee, kofia yako iko wapi?"

Abbasi alikuwa hajajiandaa kwa swali hilo. Lakini neno likaja lenyewe, na lilipokuja akaona limekaa ndani yake mwaka na nusu.

"Nimeiweka juu ya jeneza," akasema. "Mwenyewe aliyeishona hakulipanda. Basi kazi ya mikono yake ilipande, angalau kwa siku moja."

Kutoka upande wa wanawake, nyuma ya ukuta wa makuti, mtu alipenga kamasi. Hamud akatazama mkongojo wake. Nani angeingia akaivute kofia ile juu ya jeneza, na mke wa mtu akatajwa hivyo? Mbaruku akakaa.

Waliobaki walikuwa wengi kuliko waliotangulia. Aliyefuata alikuwa Pazi, fundi wa viatu. Akachukua komwe yake, akaingia. Abbasi alikaa kwenye gogo na kukaza macho kwenye pazia. Pazi ataangalia juu ya jeneza. Kila mtu akiingia ataangalia juu ya jeneza, haachi. Na hataona kofia. Ataitafuta. Atachungulia tunduni.

Au atatoka akipiga kelele.

Pazi alikawia. Kisha akatoka, kimya nyuma yake. Hakumtazama Abbasi. Alikaa, akachukua kikombe cha kahawa, akasema kama anayejisemea, "Mungu amrehemu Bi Siwema."

"Amin," watu wakaitika.

Akaingia mwingine. Kimya. Akatoka, akasema, "Mungu amrehemu." Na mwingine. Hamud alianza tena kutikisa kichwa, ameridhika, kila kimya akakihesabu chake.

Ndipo Mbaruku akamwita Feruzi. Feruzi alikuwa shemeji yake Hamud, ndugu wa mkewe wa pili, hula naye sahani moja. Alipoingia, Abbasi alifumba macho. Akasikia nyayo zikienda kwenye jeneza. Zikasimama. Zikarudi kwenye debe. Zikasimama muda mrefu, mpaka nzi wakasikika.

Feruzi akatoka. Akamtazama Hamud, na Hamud akainua nyusi kumuuliza. Feruzi akajipangusa mikono.

"Shuka ya jeneza ina vumbi," akasema. "Lini mmeifua?"

Akaenda kukaa. Hakusema lingine siku ile.

Jua lilipopinduka, wote wamekwisha kuingia na kutoka kimya, walitoa mtungi na debe nje, juu ya mkeka. Tarishi akavaa tarabushi yake sawasawa. Mtungi ukapinduliwa: mchanga ukamwagika, na komwe ndani yake zilionekana hapa moja, pale moja. Mbaruku akapapasa mchanga kwa viganja, akapapasa tena. Akachovya mkono mtungini mpaka kwapani.

"Ziko wapi?" Hamud akauliza.

Mbaruku akachukua kisu, akalikata debe juu, akaliinua, akalitikisa. Zikatoka komwe, zikatoka, chungu nzima, zikaenea mkekani mpaka miguuni pa watu. Kisha debe likakataa kutoa zaidi. Akaingiza mkono, akavuta, na kofia ikatoka ikiwa imenasa kwenye meno ya bati, ikachanika krrr kutoka kwenye pengo la viua mpaka utosini.

Tarishi hakuhitaji kuhesabu, lakini alihesabu, maana ndiyo aliyotumwa. Azzan alikuwa analia, ndevu zimelowa.

Hamud aliinama akaiokota kofia. Akaigeuza geuza. "Ya nani hii?" akauliza, na mtaa wote ukijua.

"Yangu," Abbasi akasema.

"Yako." Hamud akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu yake ileile. "Basi sikiliza, mzee Abbasi, usije ukasikia kwa watu. Pale kwa mkeo pana mtu. Amezikwa jana alasiri, na jamaa zake wa Gerezani peke yao."

Watu wakaguna. Mbaruku akageuka, uso umemshuka. "Jana? Raisi, si ulinituma leo asubuhi nikamwambie..." Akamtazama Abbasi. "Wallahi, mzee, sikujua."

Abbasi alimwamini. Alisimama na kofia iliyochanika mkononi, akaiona kamba yake, imekatwa na jembe la mtu asiyemjua, imetupwa majanini. Kwa hiyo asubuhi ile walikuwa wamemtishia kwa kitu walichokwisha kukichukua. Angeitia komwe mtungini angeondoka ameinama, akishukuru, akaenda makaburini kukuta udongo mbichi. Alitaka kumshika Hamud koo. Mikono ilikataa, ilikuwa mizito.

"Ufunguo," akasema.

"Ufunguo ni wa raisi mpya," Hamud akajibu, akauvua shingoni na kumpa Azzan.

Azzan akaupokea, akautazama kiganjani, bado una joto la kifua cha mtu. Vidole vyake vikaanza kufumba. "Tutapanga," akasema. "Taratibu, mzee wangu. Kitu cha watu hakiwekwi ovyo, lazima kikao kwanza..."

"Azzan."

Sauti haikuwa kubwa. Abbasi akafungua kamba ya kumbi aliyojifunga kiunoni, ile anayotembea nayo siku zote kama fundi cherehani na futi yake. Akaunyosha mkono. Watu walisimama, hakuna aliyekaa. Azzan akatazama nyuso, akatazama chungu ya komwe mkekani, akafumbua vidole.

Abbasi akautia ufunguo kambani, akakaza fundo la kitanda, lile lisilofunguka kwa mvua wala jua. Akaenda kwenye mlango wa chumba. Juu ya kizingiti, nje, palikuwa na msumari wa kutundikia taa. Akautundika hapo, mahali ambapo mtu yeyote, hata mwanamke aliyetumwa mbio, angeufikia kwa mkono.

Mwanamkuu alikuwa amekwisha kuja kutoka upande wa wanawake. Akaichukua kofia, akaupima mchaniko kwa kidole.

"Hii haishoneki, shemeji."

"Najua."

"Utavaa nini sasa?"

Abbasi alikuwa anautazama ufunguo ukizunguka polepole kwenye kamba, huku na huku, mpaka ukatulia.